Ua Kwenye Kichwa cha Skrubu

Mzee hakubisha hodi. Aliusukuma mlango wa karakana kwa bega, maana mikono yote miwili ilikuwa imekumbatia kitu kilichofungwa kwa shuka la kitanda. Mbwa wa Fermo, muuza nyama, akabweka kama aliyeona ngiri.

Ilikuwa Jumamosi, na kesho yake msimu wa kuwinda unafunguliwa. Siku kama hiyo hakuna anayetulia hapa Gardone, mji wa mafundi bunduki. Mbwa wanalia bonde zima, wanaume wanaingia na kutoka, kila mmoja anataka bunduki yake sasa hivi. Mjomba Bortolo, mwenye karakana, alikuwa na foleni hadi barabarani. Mimi nilikuwa na wasiwasi wangu: Jumatatu naenda kujaribiwa kazi katika karakana kubwa ya huko chini bondeni, ambako kabla hawajakutazama usoni wanatazama zana ulizojitengenezea. Tangu nimalize shule nilikuwa nikifua bisibisi zangu kutoka kwenye tupa zilizochakaa. Nilizifunga ndani ya kipande cha ngozi, na kila mara nilikifungua kuona kama bado zipo.

"Mzee, foleni inaanzia nje," alisema Fermo. "Hata kama umebeba mtoto."

"Siendi kuwinda mimi," mgeni akajibu. "Jina langu Egidio. Natoka juu, Collio. Mto uliingia ghalani kwangu."

Akafunua shuka. Ilikuwa bunduki ya mitutu miwili, kuukuu, imepanguswa vizuri kwa nje.

"Kutu inaila kwa ndani," akasema. "Naomba ifunguliwe isafishwe, basi."

Mjomba aliitupia jicho moja. "Skrubu ya katikati imeshikwa na kutu. Tutaitoboa, tuweke mpya. Iache hapo."

Egidio akaifunika skrubu kwa kiganja. "Hiyo hapana."

"Naomba nione, baba," nikasema.

Akaondoa mkono. Juu ya kichwa cha skrubu, kidogo kama punje ya dengu, palikuwa na ua lenye petali tano. Mkato wa kuingizia bisibisi ulipita katikati ya petali, mwembamba kama ukingo wa ukucha.

"Mke wangu huyo," alisema. "Onorina. Alikuwa anachora nakshi. Macho yalipoanza kumwisha aliomba achore skrubu hii moja. Hakuchora tena."

"Ua halitaguswa," nikajikuta nasema. "Nakuahidi. Na nikiifunga, litasimama wima kama lilivyo."

Mjomba akacheka. "Haya! Marzia ameahidi, Marzia atoe. Mdomo wako una mbio kuliko mikono, binti."

Kwanza niliifungua mitutu kuhakikisha haina risasi. Nikaibana bunduki kwenye jiliwa, katikati ya vipande vya mbao vilivyovishwa ngozi, nikadondosha mafuta kuizunguka skrubu. Kisha nikatafuta bisibisi. Ya dukani haikufaa kabisa: imechongwa kama kabari, inashika mdomo wa mkato tu, na ukikaza inapanda na kuchana. Nilihitaji ncha bapa, inayofika chini na kujaa upande hadi upande. Nikajaribu za Mjomba zote zilizoning'inia ukutani. Zote nene.

"Mjomba, niikwangue hii kidogo?"

"Bisibisi ya mtu haikwanguliwi na mwingine. Hiyo niliichonga kwa skrubu yake, na mwenye skrubu yuko kwenye foleni."

Hakunionea. Ncha ikishapunguzwa, unene haurudi.

Nikafungua ngozi yangu. Moja tu ilikuwa na upana unaofaa, na ndiyo niliyoipenda. Niliichonga kwa ajili ya skrubu ya mtambo wa kufyatulia wa bunduki wanayokupa siku ya majaribio. Kila mtu hapa anaijua. Nikiipunguza, Jumatatu itacheza ndani ya mkato. Kutengeneza nyingine kunataka moto, na kesho Mjomba anafunga karakana apande mlimani kuwinda na wenzake.

Nikaenda mlangoni, nikarudi. Nikaenda kunawa mikono iliyokuwa safi.

"Binti, kama haiwezekani sema tu," Egidio akasema. Tayari alikuwa ameliokota shuka. "Nitarudi nayo nyumbani."

Nyumbani kutu ingeendelea kula. Kufikia majira ya kuchipua isingefunguka kwa namna yoyote.

"Inawezekana, baba. Kaa."

Nikachukua jiwe la kunolea. Sikuthubutu mashine, kwani chuma kikipata moto kikageuka buluu, ugumu wake umekwisha. Nikasugua upande huu, nikasugua ule. Nikaipitisha ncha juu ya mshumaa hadi ikawa nyeusi, nikaitia kwenye mkato, nikaitoa. Masizi yalikuwa yamefutika pembeni tu, ndipo pekee ilipogusa. Nikarudi kwenye jiwe.

"We Marzia," Fermo akasema, "hiyo si ndiyo ya Jumatatu?"

"Fermo, mshike mbwa wako."

Nyundo ya Mjomba ikanyamaza. Nilisugua hadi masizi yakafutika sawasawa pande zote, na sikuwa tena na sababu ya kuchelewa. Nikapasha kichwa cha skrubu kwa ncha ya chuma cha kulehemu, nikaacha kipoe, nikadondosha mafuta. Nikaingiza bisibisi, nikaigonga kitako kwa nyundo ya shaba. Kisha nikaikandamiza kwa uzito wa kifua, nikakaza kidogo sana, halafu nikalegeza.

Kitu kikalia *tak*.

Nilidhani petali imebanduka. Nikainama, nikazihesabu. Zote tano zilikuwepo; kilicholia ni skrubu iliyoachia.

Kusafisha kulichukua alasiri nzima. Egidio alikaa kwenye kigoda, shuka limekunjwa magotini. Mjomba alikuja mara moja, akaichukua bisibisi yangu, akaitazama ncha yake dhidi ya dirisha.

"Jumatatu watakuuliza hii ni ya nini."

"Nitawaambia."

Akanirudishia, akaenda kuwatuliza watu wa foleni.

Nikamwita Egidio asogee. Nikairudisha skrubu, nikaizungusha polepole, ua likainama kulia, likainuka. Mkono ulitaka kuendelea kukaza. Likasimama wima kama nilivyoahidi, nikaacha.