Ndoo ya Getini

"Sema tena. Sema mayai yamejipasua yenyewe."

"Sijasema yenyewe. Nimesema breki inatetemeka."

"Breki inatetemeka! Na mimi nikitetemeka, nani atawalisha kuku?"

"Shangazi, nisikilize basi..."

"Nimekusikiliza tangu unanyonya kidole. Trei nzima imekuwa uji! Muoka mikate ananiuliza kama siku hizi nauza mayai ya kunywa."

Kiberiti akainama kuokota maganda. Hilo jina kapewa na huyu huyu shangazi, dada wa baba yake, kwa sababu ukimgusa kidogo tu anawaka. Lakini leo awake vipi? Trei ilikuwa pale mezani, ute unachuruzika mpaka kwenye miguu ya meza, na paka keshakaa mkao wa kula.

"Kesho likivunjika hata moja," shangazi akasema, "mayai yangu atabeba Kobe."

Kobe! Yule jirani wa baiskeli, anayekwenda polepole mpaka nzi wanatua begani kwake wanapumzika. Kiberiti alijiona kama kapigwa kofi mbele za watu. Ukoo mzima ulipokuwa unasema kijana yule hata kifaranga usimwachie, shangazi ndiye aliyemkabidhi mayai. Leo kazi iende kwa Kobe? Akatoka bila kuaga, akawasha pikipiki, moja kwa moja kwa fundi.

Fundi mwenyewe ni jibaba lenye tumbo la kuwekea spana. Akilala chini ya pikipiki, anazipanga zote juu ya tumbo na haipotei hata moja.

"Pedi za breki nimebadilisha mara mbili," Kiberiti akamwambia. "Nikishika breki ya mbele, mkono wa breki unanisukuma vidole, unaachia, unasukuma tena. Kama nimeshika samaki mzima mzima."

"Pedi hazina kosa. Umemchapa mtoto, mwizi ni baba."

Akainua gurudumu la mbele likaning'inia, akafunga msumari pembeni, ncha yake karibu kabisa na diski, kile kisahani cha chuma kinachobanwa na pedi, akazungusha. Kwaru. Kimya. Kwaru. Kimya.

"Umesikia? Diski imepinda. Hapa inagusa, hapa inakimbia. Pedi zikiibana zinarushwa, na ule mrusho unapanda mpaka kwenye mayai ya watu."

"Basi igonge nyundo inyooke."

"Tukugonge wewe kwanza, tuone kama utanyooka."

Fundi akainama, akaipangusa diski kwa kidole. Ilikuwa na madoa meupe, kama maziwa yaliyokaukia kwenye sufuria, na kando ya madoa chuma kimegeuka bluu. "Hii bluu ni moto. Unashuka mlima umeng'ang'ania breki. Na hii nyeupe ni nini?"

Kiberiti akatazama. Akakwangua kwa ukucha, akanusa.

"Dawa ya kuku."

Kila asubuhi. Anashuka ule mlima mrefu unaoishia kwa shangazi, breki ya mbele kaikaba njia nzima, anafika getini, na shangazi yupo na ndoo anamsubiri. Pwaa mbele, pwaa nyuma! Maji ya dawa, ili asiingize ugonjwa wa mabanda ya watu kwenye banda lake. Chuma kinachoma, maji ya baridi kutoka kisimani. Kila siku Kiberiti anakisikia kinalia chaaa, na yeye anacheka, anasema pikipiki inaoga.

Fundi alicheka mpaka tumbo likagonga tangi. "Sufuria iko motoni, unaitosa kwenye maji ya baridi, halafu unaiuliza kwa nini imekunja uso!"

Diski nyingine ilitoka kwenye pikipiki iliyokufa injini. Fundi akaijaribu kwanza kwenye msumari: kimya, kimya, kimya. Akaifunga.

Kiberiti hajui kuzungusha maneno. Alimkuta shangazi anachota pumba, akasema, "Ni ndoo yako."

"Ndoo yangu imefanya nini?"

"Imevunja mayai."

Shangazi akaweka mikono kiunoni. "Wenye masikio njooni! Ndoo imepanda pikipiki, imekwenda sokoni, imevunja mayai!"

"Diski ikiwa moto ukaimwagia maji, inapinda. Nimefunga nyingine. Panda nyuma, pakata trei, tukaushuke mlima. Likivunjika hata moja, Kobe namwita mimi mwenyewe."

Shangazi hajawahi kukataa ubishi. Akakaza kilemba, akapakata trei. Wakapanda mpaka juu, wakageuza. Kuteremka shangazi akawa anamwita Mungu kwa majina yote, na katikati ya kona mbuzi akaamua kuvuka. Kiberiti akashika breki. Mkono wa breki ukatulia kama umelala. Pikipiki ikasimama, mbuzi akapita kwa madaha, na mayai hayakusalimiana hata.

Getini shangazi akashuka, akayakagua moja moja, akamtupia jicho kijana, akaiweka trei kivulini. Halafu mkono, kwa mazoea tu, ukaenda kwenye ndoo.

Ikapanda mpaka usawa wa kifua. Diski ilikuwa bado inanuka moto. Shangazi akatazama gurudumu. Akatazama kuku wake. Akaishusha ndoo, akaimwaga yote kwenye kishimo kilichochimbwa na mvua hapo hapo getini.

"Sukuma upitie humo. Tairi ndiyo inayokanyaga uchafu, si hicho kisahani chako."

Akasukuma. Tairi zikalowa chapachapa, diski ikabaki kavu.

"Kwa hiyo kumbe ni ndoo," Kiberiti akasema. Hakuweza kujizuia.

"Ni wewe, kushuka mlima umeing'ang'ania breki kama mlevi na ukuta. Gia umewekewa za nini?"

"Na Kobe?"

"Kobe gani? Kesho uwahi, muoka mikate anataka mengi."

Akaitundika ndoo tupu kwenye kiwiko, akageuka, akaenda zake kwa kuku.