Mwendo wa Bi Chakavu

Lukmani alipofungua ukumbi wa video pale Masasi, mwaka ule ambao kila mwenye mtaji alifungua kitu, alitafuta watu wa kupiga ngoma mlangoni. Waliopatikana ni Selestini na Nurdini. Kazi hiyo ilimkaa Selestini kooni kama mwiba wa samaki, maana kumbi za namna hiyo ndizo zilizokuja kummalizia kazi yake ya kuchekesha. Kwa miaka mingi yeye na Nurdini walikuwa wachekeshaji wa kikundi cha sanaa cha kiwanda cha kubangua korosho. Walizunguka kwa lori la kiwanda kutoka Masasi hadi vijiji vya mwisho vya Newala, wakiigiza vichekesho vya choo bora, vya kisomo cha watu wazima, vya kupalilia mikorosho. Nurdini aliigiza karani wa serikali mwenye suruali fupi. Selestini alijitia mwanamke, Bi Chakavu, mwenye mto tumboni na mwendo wa kuchechemea uliowafanya watu washike mbavu. Kisha kiwanda kikafungwa, lori likauzwa, biashara ikawa huria, na wachekeshaji nao wakawa huria, yaani hawana mwajiri.

Hata hiyo ngoma ya mlangoni angeivumilia, lakini siku ya ufunguzi alialikwa Mzee Barnaba wa Chiungutwa, katekista. Lukmani alitaka wazee wenye heshima waje wajionee kwamba video si uhuni. Angewaonyesha picha ya tembo na twiga, isiyo na dhambi ndani yake. Sasa Stefano, mwana wa Mzee Barnaba, alikuwa anamtaka Oliva, binti wa Selestini. Vijana walishaelewana, ila mshenga hakutumwa. Mzee alikuwa amesema, na maneno yake yakasafiri kwa baiskeli hadi Masasi, kwamba hawezi kwenda kuposa kwa mtu anayevaa gauni.

"Leo usifanye mchezo," Josephina alimwambia mumewe Selestini asubuhi, huku akimpigia pasi shati. "Ukimwona Mzee Barnaba msalimie kama binadamu. Na hiyo ngoma ipige taratibu."

"Ngoma ya taratibu ni ya msiba, Mama Oliva."

"Basi piga ya msiba."

Akaipiga hivyo. Mzee Barnaba alipofika na mkewe Dominika, Selestini aliweka ngoma chini, akainama, akatoa shikamoo. "Marahaba," alijibu mzee, akiitazama ngoma kama mtu anayetazama nyoka aliyekufa, hamwogopi ila hamgusi.

Ukumbi ulijaa. Jenereta ikanguruma, televisheni ikawaka, tembo mmoja akaonekana akinyanyua mguu, na palepale deki ikaitafuna kanda. Lukmani alivuta utepe mweusi, ukaja mwingi kama utumbo wa mbuzi, na tembo hakurudi tena. Watu wakaanza kuguna. Lukmani akawakimbilia wapiga ngoma, jasho likimtiririka.

"Ingieni muwachekeshe."

"Leo sichekeshi," alisema Selestini.

"Basi ongeeni tu. Waelezeni maisha yenu, mlivyoanza, mlikopita. Chochote, mradi wasinivunjie viti."

Selestini aliona Mungu amemfungulia mlango. Kuongea, tena juu ya kiti, kwa utulivu, kama mgeni rasmi. Mzee Barnaba angesikia mwenyewe kwamba kuchekesha ni kazi ya mtu mzima.

Viti viwili vikawekwa mbele ya televisheni iliyokufa. Nurdini, Myao wa hapohapo Masasi na mtani wake tangu ujana, ndiye aliyeanza. Alisema kwao Selestini, huko Newala kwenye shida ya maji, mgeni akiomba maji ya kunywa huonyeshwa picha ya maji. Watu walitabasamu kwa adabu, basi. Utani huo walishausikia kwa babu zao.

Selestini akakohoa. "Ndugu zangu, leo nitasema kweli tupu. Kazi hii ni nzito."

Ukumbi mzima ukacheka.

Alisubiri watulie, akakunja uso zaidi. "Nilianza kiwandani, kwenye mafuta ya ganda la korosho. Mafuta yale yaliniunguza vidole. Niliingia sanaa ili vidole vipone."

Wakacheka tena.

"Tulikwenda Mnyambe, kwetu nilikozaliwa, kuhimiza vyoo. Watu walicheka mpaka wakalala chini. Tuliporudi mwaka wa pili hakuna aliyechimba hata kimoja. Walituambia wakichimba, sisi hatutakuja tena."

Kijana mmoja alianguka kutoka kwenye benchi. Selestini alimtazama kwa masikitiko, na masikitiko yale yakawaangusha wengine wawili.

"Kiwanda kilipofungwa, mfanyabiashara mmoja alitupeleka Newala kutangaza sabuni. Ulikuwa wakati wa ukame, maji yanapimwa kwa kikombe. Mimi nimesimama sokoni naimba sifa za povu. Mzee mmoja wa Mkunya akaniuliza kwa upole kama sabuni hiyo inafanya kazi kwa umande. Nikaendelea kuimba."

Moyoni aliumia. Kila kweli aliyoiweka mbele yao kwa heshima waliiokota kama kichekesho. Akamtupia jicho Mzee Barnaba. Uso wa mzee ulikuwa mkavu kama makopa ya muhogo.

Mama mmoja wa nyuma akauliza, "Na Bi Chakavu ulimtoa wapi?"

Hapo Selestini alijinyoosha. Hilo lilikuwa swali la kisomi. "Bi Chakavu ni matunda ya uchunguzi. Msanii lazima aichunguze jamii. Mwendo ule nilimwona nao mama mmoja mnadani, nikaufanyia mazoezi mwezi mzima."

"Si kweli."

Sauti ilitoka benchi la tatu. Ilikuwa ya Josephina, na aliyeshangaa zaidi ni Josephina mwenyewe. Hakuwa mwanamke wa kusimama mbele za watu; hata kanisani hukaa karibu na mlango. Lakini uongo ulimwasha kuliko aibu.

"Mama Oliva, tafadhali," alisema Selestini.

"Hakuna mnada wowote. Ule ni mwendo wa mama yangu. Ana goti bovu tangu alipoanguka na mtungi. Alipokuja kututembelea ulikaa barazani ukimtazama anavyokwenda chooni."

Watu walipiga makofi mapajani. Josephina hakucheka. Alisimama wima na mkoba wake kifuani kama shahidi mahakamani.

"Nilimtazama kwa heshima," alisema Selestini.

"Na gauni ni langu. La ubatizo wa Oliva. Lilirudi na tundu la sigara, ukasema ni panya."

"Panya ni mimi," alisema Nurdini, na kwa mara ya kwanza siku ile watu wakamcheka.

Selestini alikuwa amekwisha kusahau utulivu. "Haya, mwendo wa mama yako, gauni lako. Lakini maneno ni yangu. Maneno ya Bi Chakavu niliyatunga mwenyewe."

"Yapi?"

Akafikiri. "Lile la kwamba mwanamume akinyamaza ujue amevunja kitu."

"Nilikwambia jikoni, ulipopasua kinu."

"Na lile la shemeji anayekuja na mfuko mtupu?"

"Nililisema kuhusu kaka yako. Na yeye alikuwepo."

Selestini aligeuka kumtafuta Nurdini amsaidie. Nurdini alikuwa amekwisha kunyanyuka, anapangusa kiti chake kwa shati, anamwonyesha Josephina akalie.

"Sikai," alisema Josephina. "Nilisimama kusahihisha tu."

Hapo ndipo Mzee Barnaba alipopatwa. Yalianza mabega, yakafuata macho, kisha mzee mzima akajikunja kama aliyechomwa na kitu tumboni. Dominika alidhani amepaliwa, akampiga mgongoni kwa ngumi, akiita maji. Mzee alipunga mkono kukataa, machozi yakimshuka. Watu wa Chiungutwa waliokuwemo wakaacha kumcheka Selestini, wakageuka kumtazama katekista wao akicheka, maana hilo ndilo hawakuwahi kuliona.

Nje, baada ya watu kutawanyika, mzee alimfuata Selestini huku akijifuta uso.

"Nilidhani nyumba ya mchekeshaji haina mtu mzima ndani," alisema. "Kumbe yupo." Akamgeukia Josephina, sauti yake bado ikitetemeka kwa kicheko. "Mshenga atakuja Jumamosi, Mama Oliva. Mpokee wewe. Baba Oliva asiongee sana."

Selestini alifurahi kwa ajili ya binti yake, tena sana. Hata hivyo kesho yake alikaa mgahawani mbele ya chai iliyopoa, uso umemshuka.

"Mtani," alimwambia Nurdini, "miaka yote ile nilikuwa najiona fundi."

"Fundi ulikuwa. Nani mwingine angeweza kuvaa lile gauni?"

"Wewe ulijua?"

"Nimekula kwako mara ngapi? Nikimsikia mkeo mezani, nilijua wiki ijayo tutaigiza nini." Nurdini alipuliza chai yake. "Mimi mwenyewe sijawahi kuchekesha, mtani. Nilikuwa na suruali fupi tu. Lakini nimekula mkate wa kazi hii na sijutii. Watu wanashuka shambani wamechoka, wanakuona unachechemea, wanapumua. Hilo tulilifanya sisi."

Selestini alikunywa chai ile baridi, akaona si mbaya sana.

Lukmani aliwakuta palepale. Deki ilikuwa haijapona, alisema, na watu mlangoni hawamuulizii tembo. Wanamuulizia yule mama aliyesahihisha. Alitaka kupeleka onyesho lao Newala, angetoa gari liwachukue wote watatu, Josephina akiwemo.

Kumshawishi Josephina kulichukua siku kadhaa, na aliyefaulu ni mama yake, mwenye goti lake, aliyesema kama mwendo wake umetembea nchi nzima basi binti yake naye akatembee. Wakapanda pikapu. Gari lilipoanza kuukwea mlima kuelekea Newala, likinguruma kwenye mchanga, Nurdini akasinzia juu ya ngoma. Selestini aliyashika mabati ya gari na kumwinamia mkewe.

"Tufanye mazoezi kidogo. Utasema nini?"

"Sijui," alisema Josephina, akifunga kilemba chake vizuri dhidi ya vumbi. "Wewe anza tu kueleza."