Kirusi cha Bibi wa Mlangoni

Ubao wetu wa Kirusi ulikuwa jabali. Nyumba ya Mwalimu Dorotea iko Pasiansi, juu kabisa, ambako kabla ya kujenga chumba cha nyuma unaelewana kwanza na mawe, na jabali lile lilikuwa limekataa kuondoka. Upande mmoja lilikuwa bapa na jeusi. Mwalimu aliandika hapo herufi thelathini na tatu kwa chaki, mimi nikakaa kwenye kigoda nimeligeuzia ziwa mgongo, na kila ndege iliposhuka kuelekea uwanjani tulinyamaza wote wawili mpaka ipite.

Ni mwaka sasa tangu niondoke Mwanza, na kila Jumamosi asubuhi masikio yangu bado yanaisubiri ndege ile.

Nilimfuata Mwalimu kwa shida yangu mwenyewe. Nilikuwa na diploma ya ufugaji wa samaki na miaka miwili ya kukaa nyumbani nayo. Ukatangazwa ufadhili wa kusoma shahada Urusi: nafasi chache, usaili wa dakika kumi kwa video, kwa Kirusi cha kuanzia. Nilibakiwa na miezi minne, na mwaka unaofuata ningekuwa nimevuka umri wanaoutaka. Ilikuwa nipate safari hiyo au nisipate kabisa.

Mwalimu Dorotea Mashimba alitoka kwao Usagara mwaka 1979, binti wa miaka ishirini, akaenda Voronezh, Urusi, kusomea udongo. Alikaa huko miaka sita. Aliporudi alipima udongo wa mashamba ya pamba mpaka akastaafu, na katika miaka yote hiyo hakupata mtu wa kuzungumza naye Kirusi.

"Naongea na kuku," aliniambia siku ya kwanza. "Wananielewa kuliko marehemu mume wangu."

Nilitegemea tuanze na jina langu, umri wangu, kwetu ni wapi. Tulianza na salamu. Mwezi wa kwanza salamu, wa pili salamu.

"Mwalimu, nimesoma kwenye simu," nilimwambia Jumamosi moja. "Warusi hawana shikamoo. Wana *zdravstvuyte*, mtoto na mzee sawa, wakishasema wanaendelea na shughuli."

"Ukiishia hapo umemrushia mtu jiwe. Muulize ameamkaje. Muulize watu wake. Muulize mguu."

"Mguu upi?"

"Wowote. Mtu mzima hakosi mguu."

Ndipo akanisimulia habari za Klavdia Ivanovna, bibi aliyelinda mlango wa bweni lao. Baridi ya kwanza ilimkuta Mwalimu anajua maneno hayafiki thelathini. Lakini alikuwa binti wa Kisukuma. Hakuweza kumpita mzee mlangoni kama anapita nguzo. Kila asubuhi alisimama, akauliza bibi ameamkaje, viazi vinaendeleaje, kama mwanawe aliye jeshini ameandika barua. Bibi alijibu, na kujibu kwake kukawa shule. Mchana walimu wa chuo walimfundisha majina ya madini; asubuhi na jioni bibi alimfundisha lugha.

"Kirusi changu ni cha mlangoni," alisema. "Kama unataka cha kitabuni, nenda ukanunue kitabu."

Sikwenda. Mimi ninayejivunia Kiswahili changu nilikuwa naona raha ya siri: tulikuwa tunawavisha Warusi salamu zetu, na ziliwakaa vizuri. Lakini usiku nilihesabu wiki zilizobaki.

Jumamosi ya mwisho nilishindwa kuvumilia. "Mwalimu, usaili ni Alhamisi. Wataniuliza kwa nini nataka kusoma. Sijui kujibu."

Akanitazama kama mtu aliyesahau maji jikoni. Tulikaa mpaka jua likawa kali, tukaandika sentensi kumi na mbili: naitwa Selina Chenge, nimezaliwa Ilemela, napenda samaki, na kadhalika. Nilizikariri mpaka mama akaanza kuziitikia kutoka jikoni.

Alhamisi nilikwenda kwa Minaz, mwenye steshenari, aliyenipa kompyuta ya chumba cha nyuma, katikati ya marimu ya karatasi. "Ukifeli usinivunjie kiti, dada," alisema, akaenda kukaa karibu, mahali ambapo angesikia yote.

Saa nne kamili, na saa zetu na zao ni zilezile, akatokea kwenye kioo mama mwenye nywele nyeupe pee, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Akajitambulisha: Galina Petrovna. Nilikuwa nimepanga kukaa wima na kutabasamu. Nilipoziona zile nywele, magoti yalijikunja yenyewe kama tulivyolelewa, nikateremka kumsalimu, nikatoweka kwenye kamera.

Galina Petrovna alibaki anatazama kiti kitupu na maboksi ya kalamu. Nilimsikia akiuliza nimekwenda wapi. Nilipoibuka alikuwa amevaa miwani ananitafuta.

Kwa aibu nikashika kile kilichokuwa karibu na ulimi. Nikamuuliza ameamkaje. Akasema vizuri. Nikamuuliza watu wake. Akasita, akasema mama yake si mzima sana. Baada ya hapo ningenyamazaje? Nikamuuliza mama ana nini. Akaeleza. Nikauliza yuko wapi, anakaa na nani, kama anakula. Akavua miwani. Akaeleza tena, polepole, kwa mikono yote miwili, na mimi nikaitikia kila alipopumua, kama tunavyoitikia kwetu ili msemaji asijione yuko peke yake.

Kisha akatazama saa, akashtuka, akasema maneno mafupi ya kuaga. Kioo kikawa cheusi. Sentensi zangu kumi na mbili zilikuwa bado mdomoni, hata moja haijatoka.

"Mmeongea sana," Minaz alisema. "Nilidhani ni shangazi yako."

Nilipanda mlima wa Pasiansi nikiwa na hasira za kumtosha mtu mzima na mtoto wake. Mwalimu alikuwa anachambua mchele. Sikumpa hata shikamoo.

"Tumemaliza dakika kumi kwenye salamu," nilisema. "Hakuniuliza samaki. Hakuniuliza chochote. Miezi minne, Mwalimu, nimekwenda kumuuliza mtu habari za mama yake."

"Alikujibu?"

"Alijibu. Mama yake ana miaka themanini na tatu, yuko kijijini, aliteleza kwenye barafu mwezi wa pili akavunja nyonga, hataki kuhamia mjini kwa sababu ya mbuzi wake wawili."

Mkono wa Mwalimu ulisimama ndani ya ungo.

"Neno mbuzi alilisemaje?"

"*Koza*. Alifanya pembe hivi kwa vidole, halafu akakamua."

"Neno mbuzi sijakufundisha mimi," alisema. "Wala nyonga."

Majibu rasmi yalikuja baada ya wiki tano, jina langu likiwemo, na Minaz aliyachapisha bure. Lakini mimi nilijua mchana ule, nimesimama mbele ya ungo wa mchele, kwamba nilikuwa nimezungumza.

Mwalimu akasogeza ungo pembeni, akanivutia kigoda.

"Sauti yake ikoje?"

"Nene kidogo. Anavuta maneno mwishoni."

"Anavuta." Akapangusa viganja kwenye kanga, muda mrefu kuliko vilivyohitaji. "Sema kama alivyosema yeye. Yote, kwa Kirusi, usiruke kitu. Anzia pale mama alipoteleza."