Shauri la Wifi Bibiana

Laurenti alipoteuliwa kuingia Baraza la Mashauri la Jimbo, padre alimtaja kanisani, na sisi wanawake tukapiga vigelegele. Hakuna aliyeuliza baraza lenyewe lafanya nini. La kuuliza lipi? Kwetu baraza ni mahali pa kuhukumiana, shauri ni kesi, na Bwana Shauri ni yule Mzungu wa wilaya aliyekuwa akizikata kesi hizo. Basi tukajua mtu wetu kafanywa hakimu, tena wa Tanga mjini. Naye hakutusahihisha. Alishonesha koti la kijivu, akaanza kutembea polepole kama mtu aliyebeba mayai.

Wifi yangu Bibiana, mjane wa kaka yangu Asheri, alikuwa na shamba la michungwa chini ya milima ya Amani. Marehemu aliipanda kwa mkono wake, na machungwa yale ndiyo yaliyomlisha mjane na wanawe. Ng'ambo ya kijito palikuwa na shamba kubwa la mkonge. Mwaka ule wenye mkonge waliomba ardhi zaidi, wakatuma watu kupigilia vigingi, na vigingi vikavuka kijito, vikapita nyuma ya michungwa, hadi mlangoni pa jiko. Karani wao akasema ardhi ile kwenye ramani ni pori.

"Pori!" nikamwambia. "Weye umeona wapi pori lililopandwa kwa mstari?"

Alicheka, akaenda zake. Bibiana hakucheka wala hakulia. Alisema, "Mie nina shauri, na baraza la mashauri lipo. Twende, wifi."

Akachuma kikapu cha machungwa yaliyoiva vizuri, kwa ajili ya mahakimu, maana mikono mitupu haiendi barazani. Tukapanda gari moshi Muheza, tukashuka Tanga, tukauliza njia hadi tukafika. Mlangoni tarishi alitusimamisha.

"Nimeleta shauri," Bibiana akasema.

"Mashauri hayaletwi hapa, mama. Hapa yanatolewa."

Nilidhani anatufanyia ujeuri wa mjini. Nikaanza kumpa yake, kwa sauti ya kutosha, hata mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa akipanda ngazi akasimama. Alikuwa Bwana Jivraj, mwenye duka la vitambaa mtaa wa Usagara, mjumbe wa baraza lile. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatuweka kwenye benchi la nje, akatueleza bila haraka.

"Sisi hatukati neno, mama. Gavana akitaka kujua jambo, humwuliza Bwana Mkubwa wa Jimbo, naye hutuuliza sisi. Tunakaa: Wazungu, Wahindi, Waafrika wawili. Tunasema tunavyoona, yanaandikwa, yanapelekwa Dar es Salaam."

"Halafu?"

"Halafu Gavana hufanya aonavyo yeye."

"Na msipoulizwa?"

"Hatusemi."

Bibiana akanitazama. "Basi koti la Laurenti la nini?"

Bwana Jivraj akacheka hadi akashika nguzo. Kisha akasema tuna bahati, kwa kuwa leo wanaulizwa habari ya ardhi ya mkonge upande wa Muheza. Baraza laweza kumwita mtu mwenye habari, ila mjumbe lazima amwombee ruhusa kwa mwenyekiti.

Laurenti alitoka akatukuta, na uso ukamshuka. "Bibiana, mtanitia aibu. Humu watu huzungumza kwa utaratibu. Nikileta ugomvi wa nyumbani, kiti hiki sitakiona tena."

Hapo nilikasirika kwelikweli. Mtu huyu ndiye aliyesimamia ubatizo wa mwana wa kwanza wa Asheri! Lakini Bibiana alimjibu kwa upole tu.

"Laurenti, weye uliichimbia mashimo michungwa ile pamoja na Asheri. Waambie tu kwamba ipo."

Akageuka, akarudi ndani. Tulikaa. Kwa kweli nilikwisha kumkatia tamaa, mara tarishi yule yule akatoka akaita, "Mama mwenye shauri, ingia."

Nikaingia naye. Ndani palikuwa na meza ndefu, mwenyekiti Mzungu wa serikali, na Mzungu mwingine mwenye mkonge, mwekundu wa jua. Mkalimani alitafsiri. Bibiana hakuwa na maneno mengi. Alimimina kikapu mezani, machungwa yakabingirika hadi kwenye karatasi zao, akasema, "Pori lenu ndilo hili. Kuleni."

Walitazamana. Bwana Jivraj akamenya la kwanza. Hatimaye wote walikula, hata yule mwenye mkonge akachukua la pili, akalamba vidole. Kisha Laurenti akasimama, koti limeloa jasho mgongoni, akasema mashimo yale aliyachimba yeye. Baraza likakubaliana: linashauri shamba la Bibiana lisiguswe.

Tulirudi kwa shangwe. Kijiji kizima kikasema Bibiana kashinda shauri, akachinjwa mbuzi. Laurenti alijaribu kutuzuia, haki yake nampa. "Jamani, hatujahukumu, tumeshauri tu."

"Ndiyo, mmeshauri!" tukamjibu, tukaimba zaidi. Kwetu kushauri na kuhukumu vilikuwa kitu kimoja, na furaha ilinisahaulisha hata mimi maneno ya Bwana Jivraj.

Masika yalipokwisha, Laurenti alikuja kwa Bibiana, akakataa kiti. Jibu lilikuwa limetoka Dar es Salaam. Serikali inalishukuru baraza kwa shauri lake jema, imelitafakari, na ardhi wamepewa wenye mkonge.

Nilimtolea maneno ambayo nisingeyasema mbele ya padre. Nilimwambia mashauri yake ni sawa na kumpigia mbuzi gitaa, na koti lile afutie masufuria. Bibiana akaniambia, "Mwache, wifi. Alipoulizwa, alisema." Halafu akaingia ndani, na mimi nikamsikia akilia, kwa mara ya kwanza tangu tumzike Asheri.

Trekta lilikuja asubuhi ya Jumatatu. Msimamizi wa mkonge hakuwa mtu mbaya. Alisema atangoja hadi adhuhuri tuchume tunachoweza. Machungwa mengi yalikuwa bado mabichi. Tulisimama pale na vikapu, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuugusa mti.

Laurenti akatokea njiani amevaa lile koti la baraza. Nilikwisha kufungua kinywa. Lakini alilivua, akalitundika kwenye kigingi, akakunja mikono ya shati.

Bibiana akamtazama. "Haya, mjumbe. Leo washauri nini?"

Laurenti akaikagua michungwa yote, hadi kijitoni. Macho yalikuwa mekundu.

"Nashauri tuanze na ule wa mwisho kule," akasema. "Ndio tulioupanda kwanza."

Bibiana akachukua kikapu, akaenda kule mwisho, nasi tukamfuata. Katika mashauri yote aliyowahi kutoa Laurenti, hilo ndilo pekee nililoliona likifuatwa.