Kapu la Waliopona

Wateja wote wa Fundi walijua kupigwa kalenda, njoo kesho, njoo keshokutwa. Dada yake peke yake hakuambiwa hivyo. Gauni lake jeupe la maombi likifika leo, leo hiyohiyo linashonwa. Dada ndiye aliyeongoza maombi, watu wakamwita Mama Maombi, na Fundi alimwamini kama mtoto anavyomwamini aliyemlea. Na kweli ndiye aliyemlea.

Kanisani mwao kulikuwa na kapu mbele ya madhabahu. Aliyeombewa akajiona amepona alitoka mbele, akatumbukiza dawa zake humo, na hazikuguswa tena. Mama Maombi alikuwa wa kwanza. Alikitikisa juu kichupa chake cha vidonge vya presha, kanisa zima likasikia vinavyolia, kisha akakidondosha kapuni. Jumapili iliyofuata Fundi naye akatoa dawa zake za kifafa, zilizomzuia kuanguka miaka yote.

Akaanguka. Mara ya kwanza jikoni, ya pili palepale kwenye cherehani, sindano ikampita kidole. Alipozinduka, dada alikuwa amempakata kichwa.

"Bado una shaka moyoni, mdogo wangu," alimwambia kwa upole. "Na woga. Kuogopa nako ni dhambi."

Basi Fundi, masikini, akaanza kuitafuta hiyo shaka. Alijipekua moyo kama anayetafuta sindano iliyodondoka sakafuni, asiione, na bado akatubu. Alifunga, akalia, akaomba msamaha. Mtu mzima anaomba radhi kwa kuumwa! Inaudhi hata kusimulia.

Siku ya zamu yake ya kufagia kanisa, binti yake alimshika nguo mlangoni.

"Mama, ukianguka barabarani je?"

Swali hilo lilimfuata njia nzima. Alipofika aliegemeza ufagio ukutani, akapiga magoti mbele ya kapu na kuingiza mkono kama mwizi. Kichupa kilichotangulia mkononi kilikuwa cha dada, jina lake limeandikwa juu. Alitaka kukiweka kando, kikalia, naye akasita. Mlio ule aliufahamu kuliko sauti ya mumewe. Alifungua kifuniko. Ndani mlikuwa na vifungo vyeupe vya mashati ya shule, vya matundu manne, vilevile vilivyopungua kwenye kopo lake akawasingizia watoto. Hata kidonge kimoja hakikuwemo.

Alikaa sakafuni. Machozi hayakuja. Alikuwa amechezewa shere na dada yake wa tumbo moja, tena kwa vifungo vyake mwenyewe. Iliyomchoma zaidi ni ile toba, magoti yote yale aliyoyapiga kwa kosa ambalo halikuwepo. Alizitafuta dawa zake, akazificha kifuani pamoja na kile kichupa, kisha akafagia mpaka kona ya mwisho, maana zamu ni zamu.

Jumapili asubuhi Mama Maombi alikuja kuchukua gauni, lililokuwa limebakiza vifungo vya mgongoni tu. Alilinyanyua, akaligeuza. Mgongo mzima ulikuwa umeshonwa vifungo vya shati.

"Umevitoa wapi hivi?"

"Ulikoviweka."

Mama Maombi alijikalia kwenye kiti cha wateja, gauni mapajani.

"Nilitaka kutoa vya kweli," alisema. "Nilipovishika nikaogopa kufa. Na watu walikuwa wananingoja mimi nianze."

"Na nilipotoka mbele na zangu?"

"Wewe nilijua una imani kweli."

"Ukaniambia nina shaka."

Dada alichezea kifungo kimoja kwa ukucha.

"Hata mimi nilikuwa naogopa kufa, dada," Fundi alisema. "Nani kakwambia mimi siogopi?"

Kengele ya kanisa ikaanza kulia. Mama Maombi aliinuka, akalivaa gauni lake, na kwa mazoea akamgeuzia mdogo wake mgongo ili afungwe, kama kila Jumapili. Fundi alimimina maji kwenye glasi, akameza kidonge chake, akaketi kwenye cherehani na kuvuta shati la mteja. Dada alisubiri vilevile, mgongo wazi, mpaka kengele ikanyamaza.