Boriti za Nyumba ya Wankyo

Tangu tulipoanua matanga ya baba, watu wanaokuja kunipa pole hunitajia vitanda alivyowatengenezea, viti, milango ya kanisa. Hakuna anayetaja kibanda cha bwawa la samaki. Hakikudumu hata msimu mmoja, na wengi hawakukiona. Mimi nilikiona kikisimamishwa, nikakiona kikishushwa. Nakiandika kwa sababu naanza kusahau sauti ya baba, lakini kazi ile bado naiona.

Baba yangu aliitwa Magige. Alikuwa seremala, na mji wetu ulikuwa mlimani nje ya Butiama, wenye zizi na nyumba mbili. Nyumba ya mama aliijenga mwaka wa Uhuru. Boriti zake zilikuwa za mvule, alizichonga kwa tezo kabla hajamiliki randa. Mama, ambaye jina lake ni Wankyo, alipika ndani ya nyumba ile mpaka moshi ukazifanya boriti kuwa nyeusi kama chungu. Alifariki mwaka 1972. Baba hakuoa tena.

Mwaka 1974 ilipokuja Operesheni, tuliambiwa tuteremke tukakae kwenye kijiji kipya, upande wa barabara ya Bunda. Baba hakubishana na mtu. Alipanda juu ya nyumba ya mama, akaiezua mwenyewe, akazishusha boriti kwa kamba moja baada ya nyingine, akazipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Vitu vingine, hata kabati lake la nguo, aliviacha safari ya kwanza.

Kijijini hakuwa na pa kuziweka. Katika ukoo wetu paa la nyumba ya mke lina masharti. Haliwekwi juu ya mwanamume anayelala peke yake, maana hiyo ni kumwita marehemu arudi kitandani. Haliwekwi juu ya mke mwingine. Haliuzwi. Hupewa mwana wa kiume anapooa, na baba hakuwa na mwana wa kiume, alikuwa na mimi. Kwa hiyo boriti zililala chini kando ya kibanda chake kipya, na mchwa wakaanza kuzipanda. Majirani wakamshauri azipasue kuni. Aliwajibu kwamba atafikiri, na kila aliyemjua baba alijua maana ya jibu hilo.

Kuhusu mchwa alifanya wanavyofanya watu wa ng'ombe kwetu. Siku josho lilipokuwa linasafishwa alikwenda na debe, akalijaza tope la dawa ya kupe, akazipaka boriti zote kwa ufagio, zikakauka, akazipaka tena. Nguzo za zizi letu zilikuwa zikipakwa hivyo tangu nina akili. Nilimkuta katika kazi hiyo nilipokwenda kumsalimu, nikamshikia debe.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapata kazi ya kupiga chapa katika chama cha ushirika wa pamba mjini Musoma, nikapanga chumba mtaa wa Iringo. Meneja wetu, Bwana Stanislausi, alipewa nyumba iliyokuwa ya mfanyabiashara mmoja wa pamba aliyeondoka nchini. Nyumba ilikuwa karibu na ziwa, na katika bustani mlikuwa na bwawa la saruji lenye samaki wa rangi. Wengine walikuwa wekundu, wengine weupe wenye mabaka, wakubwa kama mkono wa mtu mzima. Mwenye nyumba wa zamani hakuweza kusafiri nao. Alimwomba yeyote atakayekuja asiwale.

Mji mzima uliwacheka samaki wale. Musoma samaki ni wa kula, awe sato, ningu au furu. Lakini Bwana Stanislausi, ambaye mkewe alikuwa amebaki kwao na watoto, alirudi kutoka kazini kila jioni akavua viatu, akakaa ukingoni mwa bwawa akiwarushia makombo ya ugali. Nadhani hao ndio waliokuwa wakimpokea. Tabu yake ilikuwa ndege. Minandi walitoka ziwani wakawanyakua mchana kweupe, na kiangazi maji yalipata moto mpaka samaki wakaelea wakitweta. Akaniuliza kama ni kweli baba yangu ni fundi. Alitaka kibanda cha mbao kisicho na kuta, nguzo sita kuzunguka bwawa, katikati paa la bati, pembeni boriti zitokeze wazi na juu yake fito za kuzuia ndege.

Nilimpelekea baba habari. Aliuliza swali moja tu.

"Chini yake atalala mtu?"

"Hapana, baba. Samaki tu."

"Basi nitakwenda."

Alifika na boriti zake mwenyewe kwenye lori la chama lililokuwa linatoka Bunda. Bwana Stanislausi alikuwa ameandaa mbao mpya. Baba alimweleza wazi kwamba boriti alizoleta ni za nyumba ya marehemu mkewe, kwamba hazitaki malipo, zinataka pa kukaa. Meneja alikubali, akaomba tu zipigwe randa na kupakwa rangi zipendeze. Hapo baba alikataa. Randa ingeondoa moshi wa mama, na moshi ule ndio hasa aliotaka kuuhifadhi. Meneja alimtazama, akasema haya, mzee, fanya unavyojua.

Mlinzi wa nyumba ile alikuwa Masatu, mtu wa Kisiwa cha Rukuba, aliyeacha uvuvi baada ya mtumbwi wao kuzama. Ndiye aliyemsaidia baba kushika na kuinua, na mdomo wake haukupumzika.

"Ninyi watu wa ng'ombe mnaogopaga maji," alimwambia baba siku ya kwanza, alipomwona akizunguka mbali na ukingo. "Bwawa hili linakufika magotini, mzee. Hata mbuzi wako angevuka."

"Mbuzi wangu ana akili. Hajawahi kuzamisha mtumbwi."

Masatu alicheka mpaka akaweka nyundo chini. Tangu hapo walikula pamoja. Masatu aliwapigia samaki wale hesabu za jikoni kila mara, huyu wa kukaanga, yule wa nazi, hata mbele ya meneja, na meneja alizoea akawa anatabasamu.

Baba alijenga polepole. Aliunganisha boriti kwa ulimi na tundu, akazifunga kwa vigingi vya mti, msumari akautumia kwenye bati peke yake. Kazi ilipokwisha alisimama chini ya paa, akainua mkono akashika boriti moja, akaniita. Aliniambia hiyo ndiyo iliyokuwa juu ya mafiga. Sikuuliza amejuaje.

Jumapili zilizofuata alikuwa akija Musoma kwa basi, akitoka kanisani tunakwenda kuketi pale, meneja alituruhusu. Baba alikula tulichobeba na kutazama juu. Mwili ulimrudia. Nilimwona kwa mara ya kwanza tangu msiba akisinzia amekaa, kichwa kimeegemea nguzo, kama alivyokuwa akisinzia nyumbani mama akiwa anasonga ugali.

Vuli ilichelewa mwaka ule, kisha ikaja kwa fujo. Ilinyesha Alhamisi mchana kutwa. Ijumaa asubuhi Bwana Stanislausi aliingia ofisini viatu vina tope, hakunisalimu, akajifungia chumbani kwake. Tarishi ndiye aliyetueleza. Samaki wote walikuwa wamekufa, wameelea matumbo juu, hata mmoja hakubaki.

Kabla ya saa nne lawama ilikuwa imepata mtu wa kumwangukia. Masatu ni mvuvi, na wavuvi wanajua utupa, ule mmea unaopondwa na kutiwa majini ili samaki walewe. Masatu amekuwa akisema kila siku atawakaanga. Kwenye kibanda chake cha ulinzi wakakuta sufuria na mafuta ya kupikia, kama ambavyo wangekuta kwa mtu yeyote. Meneja alimwambia mbele ya watu kwamba anampa mpaka Jumatatu aseme ukweli, vinginevyo atamkabidhi polisi kwa hujuma. Neno hujuma miaka ile halikuwa dogo. Masatu, ambaye hakuwahi kukosa jibu, alisimama amekunja kofia yake mkononi, akasema tu kwamba hakufanya, na hakuna aliyecheka naye tena.

Baba alikuja Jumapili kama kawaida, hajui kitu. Nilimweleza njiani kutoka stendi. Alisimama. Aliniuliza mvua ilinyesha lini, na samaki walikufa lini. Kisha hakutaka kwenda kanisani. Tulikwenda moja kwa moja kwenye bustani, na Masatu akatufungulia geti bila neno. Baba alizizunguka nguzo akizitazama kwa chini. Hapakuwa na mchwa, hapakuwa na sisimizi hata mmoja, pale ambapo kila kitu kina sisimizi. Alibandua kibanzi kwenye ncha ya boriti iliyotokeza nje ya bati, akakifunga kwenye leso.

Sokoni alinunua furu wawili wadogo kutoka kwa mwanamke aliyewaleta wakiwa hai kwenye ndoo. Chumbani kwangu tuliwatia kwenye mabeseni mawili yenye maji ya bomba. Katika moja baba alitumbukiza kibanzi, akakaa kwenye kigoda akangoja. Nilipika chai haikunyweka. Furu wa beseni lenye kibanzi alianza kuzunguka kwa ubavu, akatetemeka, akatulia. Mwenzake aliendelea kuogelea.

"Tope la josho," baba alisema. "Mvua imeliosha likaingia bwawani."

Tulikaa. Najua alikuwa anafikiri nini kwa sababu nami nilifikiri hayo hayo. Hakuna mwingine aliyejua. Samaki wameshakufa, hawawezi kufa mara mbili. Bwawa likiachwa tupu, paa linaweza kubaki pale miaka mingi, na meneja alishasema hataki samaki wengine. Pengine Masatu atafukuzwa tu, arudi Rukuba kwa ndugu zake. Pengine polisi watamwachia. Baba akisema, boriti zitashushwa, na duniani hapakuwa na mahali pengine pa kuzipandisha. Alikuwa ametafuta mwaka mzima.

Alilitazama lile beseni mpaka mwanga dirishani ulipogeuka wa jioni. Basi la mwisho la kumrudisha lilishaondoka.

"Mama yako alimlisha kila aliyepita," alisema mwishowe. "Hata wezi wa ng'ombe alishawalisha, bila kujua. Sasa boriti zake zimfunge mtu?"

Nilimwambia labda tungoje asubuhi.

"Asubuhi nitakuwa na akili nyingine," akajibu, akachukua koti lake.

Bwana Stanislausi alitupokea kibarazani. Baba hakukaa alipoambiwa akae. Alieleza yote kwa kifupi, tope, ufagio, mvua, furu. Alisema Masatu hana kosa, kosa ni lake, na kwamba alikataa kupiga randa alipoombwa, na pengine randa ingewaokoa samaki. Meneja alisikiliza akiwa ameshika taa ya chemli ambayo hakuwa amewasha.

"Kwa hiyo ni wewe uliyewaua," alisema.

"Ni mimi."

"Kwa ajili ya moshi."

Meneja aliweka taa chini. Akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kwamba kibanda kiondoke, kichomwe, hataki kukiona Jumatatu. Baba akamwambia hakiwezi kuchomwa, kwa kuwa moshi wa dawa ile unadhuru, na wala asiruhusu mtu apikie kuni zile. Ni za kufukiwa, mahali ambapo watu hawachoti maji. Meneja aliingia ndani. Alipotoka alikuwa na ufunguo wa lori la chama, akanipa mimi, akasema dereva atakuja alfajiri. Hakumpa baba kazi nyingine tena maishani, wala baba hakuomba. Kwa Masatu alikwenda mwenyewe getini. Sikusikia aliyomwambia, nilimwona tu Masatu akivaa kofia yake.

Asubuhi baba aligonga vigingi vikatoka kimoja kimoja. Paa lililojengwa kwa majuma lilishuka kabla jua halijakolea. Masatu alipakia, na lori lilipowashwa naye akapanda nyuma akakaa juu ya boriti. Hakuna aliyemwita. Nilimwambia si lazima. Akasema watu wa ng'ombe hawajui kuchimba, wanajua kuchunga.

Barabarani baba aliamua. Hakutaka zizikwe karibu na kaburi la mama, asilale na sumu. Alitaka zirudi mle zilimotoka. Tulipanda mlimani kwa miguu kutoka lori lilipokwama, mimi nikibeba jembe na sururu, wao wakibeba boriti mbili mbili begani, wakashuka na kupanda tena mpaka zikaisha. Mji wetu ulikuwa umeota majani. Kuta za nyumba ya mama, zilizokosa paa misimu miwili, zilikuwa zimeyeyuka zikabaki matuta ya udongo yasiyofika gotini. Mtu angeweza kuyaruka popote.

Baba alikuwa wa kwanza kuingia. Masatu, na boriti begani, alisimama nje ya tuta, jasho likimtiririka.

"Mzee," aliita, "mlango ulikuwa upande gani?"

Baba alimwonyesha kwa mkono. Masatu alizunguka nyumba nzima na mzigo wake mpaka upande wa mashariki, na alipofika mahali pale aliinamisha kichwa, akaingia.