Taa Iliyowaka Mpaka Kwenye Kona

Fundi alipitisha msasa kwenye uma wa mbele wa baiskeli mpaka chuma kikang'aa, kwa sababu dinamo isipogusana na chuma kitupu taa haiwaki. Akafunga boliti nusu, akainama kuhakikisha dinamo imeelekea katikati ya gurudumu, akaisogeza kidogo, ndipo akakaza. Mtaa mzima ulimwita Bi Spana. Tangu arithi kibanda cha baba yake, hakuna taa aliyoifunga ikamletea maneno, isipokuwa ya baiskeli hii.

Mdogo wake alikaa kwenye benchi akimtazama. Wiki tatu zilizopita mume wa mdogo huyo aligongwa kwenye kona na lori la kiwanda cha matofali, akafa, jioni, akitoka zamu kwenye kiwanda hichohicho. Ripoti ilisema baiskeli haikuwa na taa. Kwa hiyo kosa lilikuwa la marehemu, na mjane wa mwenye kosa hakai nyumba ya kiwanda. Alipewa mpaka mwisho wa mwezi. Baiskeli iliporudi kutoka kituoni, dinamo na taa zote mbili, ambazo Bi Spana alizifunga siku nne kabla ya ajali, hazikuwepo. Mtaani walisema kama alizifunga kweli, basi alizifunga ovyo.

Sasa amefunga dinamo na taa nyingine. Akaigeuza baiskeli miguu juu, akazungusha pedali kwa mkono. Dinamo ikavuma. Mwanga ukapiga ukutani, na ukutani ikatokea barabara ya kiwandani, na shemeji yake akiendesha, amewapa mgongo, shati limejaa upepo. Nyuma ya keria yake taa nyekundu iliwaka.

Bi Spana aliangalia waya kwanza. Ulikuwa umekaza.

"Shati hilo nilimfulia Jumanne," mdogo wake alisema.

Bi Spana akaachia pedali. Ukuta ukarudi kuwa ukuta.

"Dada, ukizungusha sana atafika kwenye kona."

"Nisipozungusha hatuna la kuwaonyesha."

Mdogo wake alisimama, akashika usukani upande mmoja, wakaikokota mpaka kituoni.

Koplo aliwasikiliza, akavuta pazia. "Mwezi uliopita alikuja mzee na redio inayosoma taarifa za kesho," alisema. "Ikanilia asubuhi nzima. Nyie fanyeni haraka."

Bi Spana akazungusha. Shemeji yake akatokea juu ya kabati la mafaili, akaanza kupanda kilima. Pedali ikawa nzito mkononi, nzito kama ya mtu anayepanda, na jasho likamtoka. Mdogo wake alikuwa ameugeukia mlango.

"Punguza, dada."

Akapunguza. Mtu wa ukutani naye akapunguza, na ile taa nyekundu ikafifia ikawa kama kaa linalozimika.

"Sasa sioni kitu," Koplo alisema. "Zungusha sawasawa."

Mkono ulimuuma mpaka begani. Angeweza kuacha pale, na shemeji yake angebaki pale kilimani, mzima, shati limejaa upepo. Akazungusha. Kilele kikafika, pedali ikawa nyepesi, kona ikatokea. Lori likaja bila taa hata moja, likikwepa shimo, limehama upande wake, dereva ameinamisha kichwa. Mwanga wa baiskeli ukalipiga usoni, namba ikasomeka yote. Midomo ya Koplo ilichezacheza akiisoma. Shemeji akapiga kengele, na mtu aliyekuwa kwenye foleni nje ya ofisi akasogea kupisha.

Mdogo wake akageuka, akalidaka gurudumu kwa mikono miwili.

Ukutani ikabaki kalenda. Spoku zilikuwa zimemkata vidole, akavifunga kwa pindo la gauni.

"Nimeona," Koplo alisema. "Taa iliwaka, mbele na nyuma. Lori ndilo lilikuwa gizani." Akafungua jalada, akasoma polepole. "Shida ni kwamba fomu inauliza kilichokutwa kwenye baiskeli. Haiulizi kilichokuwa kinawaka."

"Aliyevifungua dinamo na taa ni nani, afande?"

"Vilikutwa havipo."

"Vilikutwa havipo wapi? Hapa?"

Koplo akafunga jalada, akaliweka mahali pake. "Mama, nimeshakubali kwamba nimeona. Unataka nini tena?" Akafungua pazia, akamwita wa kwanza kwenye foleni.

Mwisho wa mwezi, mdogo wake alihamia chumba cha nyuma ya kibanda. Akapata kazi ya kufagia shule iliyo ng'ambo ya kiwanda, na kila jioni anarudi kwa baiskeli. Mume wake humtangulia hatua kumi. Wenye baiskeli zisizo na taa hujipanga nyuma yao, humwamkia marehemu, na yeye haitikii. Hata enzi zake hakuwa mtu wa maneno akiwa kilimani.

Siku moja Bi Spana alimfuata mdogo wake, akitaka kusikia kama dinamo inakwaruza tairi. Haikukwaruza. Karibu na kona mdogo wake alishuka. Mwanga ukazimika, mume wake akabaki kilimani, na wenye baiskeli waliokuwa nyuma nao wakashuka. Wakazikokota ukingoni, mmoja nyuma ya mwingine. Lori likaja bila taa, likawapita karibu mno, magauni yakapepea.

"Kila siku?" Bi Spana aliuliza.

"Jumapili halipiti."

Walipoimaliza kona, mdogo wake akapanda tena. Taa ikawaka vizuri, ikaonyesha barabara tu.